UZI: Mfalme Cuo wa Zhongshan na chungu chenye miguu ya chuma

kalamu_ya_mwanzi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu. Nimeuandika kwa jioni tatu, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, na nitaushusha kipande kipande. Naomba tuvumiliane.

Kila anayefuatilia historia ya China amesikia habari za lile jeshi la wanajeshi wa udongo lililofukuliwa karibu na Xi'an mwaka 1974. Kelele zake zilienea dunia nzima. Mwaka huohuo wa 1974, katika wilaya ya Pingshan, jimbo la Hebei, wanakijiji waliokuwa wakichimba udongo walikutana na vitu vya kale, na wanaakiolojia wakafanya kazi pale hadi mwaka 1978. Walichokipata ni kaburi la mfalme ambaye jina lake halimo katika vitabu vya historia vya kale vilivyotufikia. Mfalme mzima, mwenye jeshi, waziri mkuu, malkia na mbwa wa kuwinda waliovishwa kola za dhahabu na fedha, alikuwa amesahauliwa kwa miaka 2,300.

Anaitwa Cuo, mfalme wa Zhongshan.

Nilisoma Hebei zamani kidogo, na jumba la makumbusho la jimbo liko Shijiazhuang. Niliingia mle siku ya mvua, kwa kukimbia mvua tu. Nikakutana na chungu cha miguu mitatu. Mwili wake ni wa shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, umeingia ukijani wa uzee. Miguu ni ya chuma, ya rangi ya kutu. Kuzunguka tumbo lake lote kumechongwa maandishi: mistari 77, herufi 469, nyembamba na ndefu kama nyuzi zinazoning'inia. Waandishi wa hati nzuri huko China wanaziiga hadi leo. Nilisimama pale mpaka mvua ikakatika, na tangu siku ile mtu huyu hajanitoka kichwani.

Nianze na nchi yake.

kalamu_ya_mwanzi

Zhongshan maana yake ni "mlima wa katikati". Ilikuwa nchi ndogo chini ya safu ya milima ya Taihang, imebanwa na Zhao, Yan na Qi. Waanzilishi wake hawakuhesabiwa kuwa Wachina wa asili. Walikuwa Wadi Weupe, watu wa mifugo na mahema. Wenye falme kubwa waliwaita washenzi.

Nchi hii ilikufa ikafufuka. Mwaka 406 KK ilitekwa na dola la Wei. Baadaye, miaka ya kuelekea 380 KK, mtawala aliyeitwa Huan aliirudisha na kuweka mji mkuu Lingshou, hapohapo Pingshan. Baada ya Huan akaja Cheng. Baada ya Cheng akaja mwanawe, Cuo, aliyetawala katika miaka ya 320 na 310 KK.

Ukoo huu wenyewe tumeujua kutokana na vyombo vya kaburini. Kuna mtungi wa pembe nne wenye herufi 450 ambamo mfalme anawataja wazee wake: Wen, Wu, Huan, Cheng. Mtungi huo umetengenezwa kwa shaba iliyotoka Yan, nchi ya jirani, na haikutoka huko kwa kununuliwa. Nitafika hapo.

msafiri_wa_nyikani

Mkuu, tuko pamoja. Swali moja kabla hujaendelea. Unasema nchi ndogo, halafu unasema "mfalme". Ninavyojua mimi, China ya wakati ule mfalme halali alikuwa mmoja, wa nasaba ya Zhou. Wengine walikuwa na vyeo vya chini. Huyu cheo cha ufalme alikipata wapi?

kalamu_ya_mwanzi

Swali zuri sana, ndugu msafiri.

Ni kweli. Lakini hizo zilikuwa Zama za Falme Zinazopigana, na mfalme wa Zhou alikuwa amebaki jina tu. Wakubwa walikuwa wameanza kujipa ufalme mmoja baada ya mwingine. Mwaka 323 KK watawala watano, wa Wei, Han, Zhao, Yan na Zhongshan, walikubaliana kutambuana kuwa wafalme. Wa tano na mdogo kuliko wote alikuwa Cuo.

Mfalme wa Qi alikasirika. Nchi yake ilihesabiwa kuwa ya magari ya vita 10,000, Zhongshan ilikuwa ya 1,000, na akaona ni aibu kushirikiana cheo na watu wa namna ile. Akaanza kuwachochea jirani zake wamvue Cuo ufalme. Zhongshan ikamtuma msemaji hodari, Zhang Deng, akazunguka huku na huku mpaka zile nchi nyingine zikamshuku Qi mwenyewe, na ufalme wa Cuo ukasimama.

Sasa angalia kaburi lake. Kulikuwa na seti ya vyungu tisa. Kwa desturi ya Zhou, vyungu tisa ni haki ya Mwana wa Mbingu, yaani mfalme wa Zhou, peke yake. Kulikuwa pia na vyombo vya shaba vyenye umbo la milima mitatu mikali, vyenye kimo cha zaidi ya mita moja, vilivyosimikwa kama bendera. Mjukuu wa watu wa mahema aliyeambiwa hatoshi alizikwa na kila alama ya kwamba anatosha.

kalamu_ya_mwanzi

Turudi kwenye chungu. Kimechongwa katika mwaka wa 14 wa utawala wake, na ni mfalme mwenyewe anayezungumza. Kauli yake karibu na mwanzo ndiyo iliyonishika mkono siku ile:

"Heri kuzama kilindini kuliko kuzama kwa watu."

Halafu anaeleza kwa nini. Mwaka 316 KK, mfalme wa Yan, Kuai, aliamua kumwachia kiti waziri wake mkuu, Zizhi. Alikuwa ameshawishiwa kwamba akifanya hivyo atakumbukwa kama wale wafalme watakatifu wa kale walioachia madaraka kwa watu wema. Akazikusanya hata mihuri ya maofisa akamkabidhi. Nchi ikapasuka. Mwana wa mfalme akainuka dhidi ya Zizhi, watu wakafa kwa maelfu, na mwaka 314 KK jeshi la Qi likaingia na kuimeza Yan kwa siku 50. Kuai akafa. Zizhi akauawa.

Cuo anamsema jirani yake bila kumwonea. Anasema alikuwa mtu mwenye akili pana, mtu mzima aliyeyaona mengi ya dunia, na bado alidanganywa na Zizhi akapoteza nchi na roho yake. Kisha anauliza: ikiwa mtu kama yule alipotea, itakuwaje kwa kijana?

Maana yeye alikuwa kijana. Anasema baba yake aliwaacha mawaziri mapema, naye akiwa mtoto mdogo asiyejua lolote, akiwasikiliza yaya na walezi tu.

Wakuu, nimefundisha watoto waliofiwa na baba wakiwa wadogo. Hilo neno la walezi halikuwa lazima liandikwe kwenye chungu cha dola. Wafalme huandika ushindi, wengine hata ushindi ambao haukuwapo. Huyu ameandika kwamba alikuwa mtoto, hajui kitu, anashikwa mkono.

Na aliyemshika mkono ni waziri mkuu wake, Zhou. (Jina la waziri huyu kwa herufi zetu linafanana na la nasaba, lakini ni neno jingine kabisa.) Cuo anasema alimkabidhi nchi, akawa anatembea huku na huku bila hofu. Zhou ndiye aliyeyaongoza majeshi kuingia Yan wakati ule wa vurugu, akateka ardhi ya mamia ya li (kipimo cha umbali cha Kichina) na miji makumi kadhaa. Hapo ndipo ilipotoka shaba ya ule mtungi. Kwa kazi hiyo mfalme anamwandikia zawadi: hata akipatikana na kosa la kufa, yeye na wazao wake hadi kizazi cha tatu, asamehewe.

Mnaona? Chungu ni kimoja. Upande mmoja kinasema Kuai aliangamia kwa kumwamini waziri wake kupita kiasi. Upande mwingine Cuo anampa waziri wake kila kitu, pamoja na msamaha wa kesi ambazo bado hazijatokea.

bi_hekima

Kaka mwalimu, hapo mimi sikubali haraka. Huyo Zhou ninamjua kwa jina jingine. Kwenye masimulizi ya zama zile yupo Sima Xi, waziri mkuu wa Zhongshan mara tatu. Ndiye huyo?

Kama ndiye, basi kuna kisa chake cha kuchekesha na kutisha. Mfalme alikuwa na wake wawili waliogombea umalkia, Yin Ji na Jiang Ji. Sima Xi alikuwa upande wa Yin Ji. Akafunga safari hadi Zhao, akamsifia mfalme wa Zhao uzuri wa Yin Ji: nyusi, macho, paji la uso, akasema huyu ni wa kuolewa na mtawala wa dunia, siyo wa bwana mdogo. Mfalme wa Zhao akawaka tamaa, akasema anamtaka. Sima Xi akarudi nyumbani na habari hizo na mfalme wa Zhongshan akaingia mashaka: akimkatalia Zhao ni vita, akimkubalia ni fedheha. Ndipo waziri akatoa dawa: mfanye malkia, maana hakuna mtu duniani anayeomba malkia wa mwenzake. Yin Ji akawa malkia.

Sasa mtu wa hivyo unamwachia nchi?

kalamu_ya_mwanzi

Dada bi_hekima, umegonga penyewe. Ndiyo, watafiti wengi wanakubali kwamba ni mtu mmoja. Kuna chombo cha tatu, mtungi wa mviringo, uliochongwa na mwana wa Cuo baada ya baba kufa. Mle waziri anatajwa kwa jina la ukoo pia: Sima Zhou.

Na lipo zito kuliko hilo la malkia. Han Fei, mwanafalsafa aliyeishi katika karne iliyofuata, anamtaja Sima Xi miongoni mwa mifano yake ya mawaziri wanaocheza na maadui wa mabwana zao. Anasema alikuwa na urafiki na Zhao, na kwamba alikuwa akipeleka siri za Zhongshan kwa mfalme wa Zhao.

msafiri_wa_nyikani

Kumbe! Kwa hiyo mfalme alikuwa amezama tayari, hajui tu kwamba ni maji.

bi_hekima

Mimi nasema alijua. Mtu anayeandika "heri kuzama kilindini kuliko kuzama kwa watu", halafu mstari wa pili anamsifia waziri, anampelekea waziri ujumbe. Kile chungu ni cha kuwekwa mahali pa ibada ya wazee, mbele ya mawaziri wote. Ni kama kumwambia: Zizhi namjua mwisho wake, na wewe unaujua.

kalamu_ya_mwanzi

Nimelala na hoja yako, dada, na asubuhi hii nimesoma tena tafsiri ya maandishi yale mwanzo hadi mwisho. Nadhani umenisogeza, ila siyo mpaka mwisho.

Ule mtungi wa pembe nne nao unarudia habari za Kuai, na mle hasira ni kali zaidi: inalaaniwa hali ya waziri kugeuka bwana na bwana kugeuka mtumishi. Mtu harudii jambo lilelile kwenye vyombo viwili kama halimkoseshi usingizi. Hapo nakubaliana nawe, hofu ilikuwepo.

Lakini tumpime kwa uchaguzi aliokuwa nao. Alikuwa mtoto juu ya kiti cha nchi iliyowahi kufutwa mara moja. Kulia Qi, kushoto Zhao, juu Yan. Bila mtu mzima wa kumwendeshea mambo, asingefika mwaka wa pili, sembuse wa 14. Zhou alimlea, akamlinda, akampanulia mipaka. Kama alikuwa pia anakula na Zhao, basi Cuo alikuwa ameshikwa na mkono uleule uliomwinua. Mimi simwoni mjinga. Namwona kijana aliyekuwa na nguzo moja tu ya nyumba, akawa anaizunguka kila siku kuiangalia ufa.

Na angalia anavyomalizia chungu, akizungumza na wazao wake. Anawakumbusha kwamba watu wa Wu waliwahi kuwameza watu wa Yue, na Yue wakajipanga upya wakaipindua Wu. Kisha:

"Msiwe wakubwa mkajiachia, msiwe matajiri mkajivuna, msiwe wengi mkapiga makelele. Majirani ni wagumu kuwa karibu nao, na adui yuko ubavuni."

Haya ameyasema akiwa ndiyo kwanza ametoka kushinda, shaba ya Yan bado ya moto tanuruni.

fundi_ramani

Habari zenu wadau. Huwa nasoma tu humu bila kuchangia, lakini leo imenigusa kazi yangu. Nachora ramani za majengo kwa miaka 19 sasa. Nilisikia kwamba katika kaburi la mfalme mmoja wa China kulikutwa ramani ya ujenzi kwenye bamba la chuma. Ndiye huyu?

kalamu_ya_mwanzi

Ndiye, fundi! Na ni bamba la shaba nyeusi, urefu wa sentimita 94, upana 48, unene kama sentimita moja. Mistari na maandishi yamewekwa kwa nakshi ya dhahabu na fedha. Ni ramani ya eneo lake la mazishi: kumbi tano juu ya kilima kimoja, wa mfalme katikati, wa malkia wawili pembeni yake, na mbili ndogo za wake wengine mwishoni, zote ndani ya kuta mbili.

Vipimo vimeandikwa. Ukumbi wa mfalme futi za kale 200 kila upande, wa malkia vilevile, wa wake wengine 150. Futi yao ilikuwa kama sentimita 23, kwa hiyo 200 ni kama mita 46. Kusini kuko juu.

Juu ya ramani kuna amri: mfalme amemwagiza Zhou (tena yeye!) aweke vipimo vya majengo. Atakayekiuka atauawa bila msamaha, na asiyetekeleza amri ya mfalme, adhabu itawafikia hata wazao wake. Nakala moja ifuatane na mfalme kaburini, nyingine ibaki ikulu.

fundi_ramani

Mwalimu, nimechukua karatasi na kalamu. Ukumbi mmoja ni mita 46, na bamba la sentimita 94 limebeba kumbi zote tano pamoja na kuta zake. Hapo uwiano unaangukia kwenye moja kwa 500 hivi, ambao sisi tunautumia mpaka leo kwa ramani za kiwanja. Na kuandika vipimo juu ya mchoro badala ya kumwacha mjenzi akadirie kwa macho, na kutunza nakala mbili, moja kwenye eneo la kazi na moja ofisini, ndivyo tunavyofanya. Nimeinua kofia kwa aliyechora.

Je, walijenga zote tano?

kalamu_ya_mwanzi

Hapana. Yalijengwa makaburi mawili, la mfalme na la malkia mmoja. Wengine hawakuwahi kulala pale, kwa sababu nchi haikudumu.

Cuo hakufika uzee. Mwanawe aliyemrithi ndiye aliyechonga ule mtungi wa mviringo, na mle anasema machozi yanamtiririka, anamkumbuka baba akiwinda. Wale mbwa wenye kola za dhahabu na fedha walikutwa katika shimo la vitu vya uwindaji.

Mwaka 307 KK mfalme Wuling wa Zhao aliwaamuru watu wake waache kanzu pana za Kichina, wavae suruali, wapande farasi na kupiga mishale kama watu wa nyika. Alieleza sababu waziwazi: Zhongshan iko ndani ya tumbo langu. Hakuwa amesahau jinsi watu wa Zhongshan, wakisaidiwa na Qi, walivyowahi kugeuza mkondo wa maji na kuuzingira mji wake wa Hao. Akaishambulia mfululizo. Mwaka 305 KK Zhongshan ikatoa miji minne ili kuomba amani. Mwaka 296 KK ikafutwa, na mfalme wake wa mwisho akahamishiwa mbali. Wuling mwenyewe alikufa kwa njaa mwaka uliofuata, akiwa amezingirwa ndani ya jumba lake katika ugomvi wa warithi wake.

Toka chungu kuchongwa mpaka nchi kufutwa haijafika miaka 20. Adui alikuwa ubavuni kweli.

bi_hekima

Na kaburi lilibaki salama miaka yote hiyo?

kalamu_ya_mwanzi

Chumba chenyewe cha maiti kiliibiwa na kuchomwa moto. Ila vyumba vya pembeni, walivyoficha vyombo, wezi hawakuviona. Ndiyo maana tuna ile taa ya shaba kama mti wenye vibakuli 15 vya kuwashia moto, yenye nyani wakining'inia na watu chini wakiwarushia chakula. Tuna chui milia anayemla paa, na meza ya joka wanne na ndege wanne waliosokotana, kazi ambayo mtu anaitazama akashindwa kujua ilianzia wapi. Na tuna mitungi miwili iliyokuwa imezibwa vizuri kiasi kwamba ilipofunguliwa bado mlikuwa na pombe ndani. Moja ilikuwa ya kijani.

Mwisho niwape kitu ambacho siyo cha mfalme. Miaka ya 1930, kabla ya ufukuaji wowote, mkulima mmoja wa Pingshan aliokota jiwe kubwa la mtoni lenye herufi 19. Miaka mingi likakaa bila wa kulisoma. Makaburi yalipofukuliwa, lilisomeka. Limeandikwa na watu wa kazi: msimamizi wa uvuvi katika bustani ya mfalme, aitwaye Gongsheng De, na mlinzi wa kaburi, mtu aitwaye Man.

Wanasema wanathubutu kuwafahamisha watu wema watakaokuja baadaye kwamba wao wapo hapo, wanalinda.